Sura ya Sita: Nani Anampokea Mtafiti?

Barua ya kumwalika mtafiti kutoka nje huandikwa Dar es Salaam, na mara nyingi huandikwa vizuri. Hutaja muda wa mkataba, jina la msimamizi, chumba cha kufanyia kazi na tarehe ya semina ya kwanza. Taasisi za sera zisizotafuta faida huwapenda sana wageni wa aina hii, na kwa haki. Mgeni amesoma, mara nyingi amekuja na ufadhili wake, anajua mbinu mpya za takwimu na anajuana na watu wa Geneva na London. Wiki ya kwanza atatambulishwa kwa kila idara, atapewa kitambulisho na kualikwa chakula cha jioni. Halafu itafika siku atakayopanda gari kwenda bonde la Kilombero, mpaka kwenye kata kama Mofu. Huko ndiko itakapoonekana kama alipokelewa au alikaribishwa chai tu.

Nimeichagua Mofu kwa sababu. Ni kata ya wakulima wa mpunga na wavuvi, iliyo bondeni upande wa uwanda unaofurika, si mahali pa kupitia njiani ukielekea kwingine. Kiutawala iko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba, ambayo watu wengi bado wanaikumbuka kwa jina la Kilombero. Anayefika Mofu amekusudia kufika. Sera nyingi zinazojadiliwa mijini kuhusu malaria, ardhi, uvuvi, hifadhi na bei ya mchele humalizikia sehemu kama hii, kwenye nyumba ya mtu ambaye hakuwepo zilipojadiliwa.

Ninalotaka kulisema katika sura hii ni hili: taasisi haimpokei mtafiti mgeni peke yake. Inamwombea mapokezi kwa watu wengine, yaani mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, mama mwenye nyumba atakayehojiwa, kijana atakayeongoza njia. Hao ndio wanaotoa muda wao na kuweka heshima yao rehani kwa jirani zao. Taasisi isiyolifahamu hilo humtuma mgeni wake mikono mitupu.

Bonde hili limepokea wasomi wa kigeni kwa muda mrefu, na historia hiyo inafundisha kuliko mwongozo wowote wa ofisi. Mwaka 1935 kilichapishwa London kitabu kiitwacho Ubena of the Rivers, kuhusu Wabena wa bondeni. Waliokiandika ni A. T. Culwick, ofisa wa serikali ya kikoloni, pamoja na mkewe G. M. Culwick. Lakini ndani yake imo sura iliyoandikwa na Mtema Towegale Kiwanga, mtawala wa Wabena hao, na jina lake limetajwa pamoja na majina ya Waingereza hao wawili. Hapakuwa na usawa kati yao; ofisa alikuwa na dola nyuma yake. Hata hivyo mwenyeji alishika kalamu, akaeleza habari za watu wake mwenyewe, na maelezo yake yamebaki yakiwa na jina lake. Ukichukua ripoti nyingi za utafiti za leo, zilizoandikwa katika nchi huru na watu wenye nia njema kabisa, utawakuta wenyeji mstari mmoja kwenye ukurasa wa shukrani: “wanakijiji wote walioshiriki.” Miaka 90 baadaye, hiyo si hatua ya kwenda mbele.

Mwaka 1949 alifika Ifakara, mji wa bondeni humo, Profesa Rudolf Geigy, mwanazoolojia wa Basel aliyeanzisha Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Kitropiki mwaka 1943. Wakapuchini wa Uswisi walikuwa wametangulia, wakiwa na misheni na hospitali. Mwaka 1957 maabara ya kudumu ilifunguliwa, na mwaka 1961, mwaka ule ule wa Uhuru, kikaanzishwa hapo kituo cha kufundishia watumishi wa afya. Kazi iliyotoka katika maabara ile ilikuwa kubwa na sina nia ya kuipunguza. Ila tazama nani alimpokea nani: Waswisi walipokelewa na Waswisi. Wenye bonde walikuwa wagonjwa, wafanyakazi, wakamata mbu na waongoza njia, na hati ya nyumba ilikuwa Basel. Ilipita karibu miaka 40 kabla ya maabara ile kusajiliwa, mwaka 1996, kuwa taasisi ya Kitanzania yenye bodi yake. Wakurugenzi wake wa Kitanzania wa mwanzo, Andrew Kitua na baadaye Hassan Mshinda, wote walikuwa wamesomea shahada zao za uzamivu Basel. Yaani na wao walikuwa wageni wa kimataifa, waliowahi kutafuta chumba katika mji wa watu na kuzoea baridi yake. Tangu mwaka 2008 inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara. Mzungu anayefika leo anapokelewa na mwenye nyumba, na mwenye nyumba huyo anajua ugeni ni kitu gani. Hilo ni badiliko kubwa kuliko majengo yote yaliyojengwa pale.

Katikati ya historia hiyo kuna kazi moja ambayo ningependa kila mtafiti mwalikwa aisome kabla ya kushuka kwenye ndege. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Marcel Tanner, wakati huo mwanasayansi kijana, alikuja kuongoza maabara na akaishi Ifakara pamoja na familia yake. Yeye na wenzake, Waswisi na Watanzania, walifanya utafiti katika kijiji cha Kikwawila, si mbali na mji. Makala yao moja ya mwaka 1987 iliweka pamoja mambo matatu kuhusu afya ya watoto: madaktari walichokikuta walipowapima, magonjwa yaliyoandikwa kwenye kituo cha afya cha kijiji, na yale ambayo wanakijiji wenyewe waliyaona kuwa matatizo yao. Lile la tatu halikuwekwa kama pambo. Liliwekwa mezani pamoja na vipimo, likalinganishwa navyo. Mtu anayefanya hivyo anakuwa amekubali kwamba mama wa Kikwawila anaweza kujua jambo ambalo hadubini haijaliona, na anakuwa tayari kukosolewa naye. Mgeni aliyepokelewa vizuri hufika mahali hapo. Aliyepokelewa vibaya hurudi kwao akiwa amethibitisha alichokuja nacho.

Matunda yake kwa sera yanaonekana. Mwaka 1996 ulianza mradi wa vyandarua katika wilaya za Kilombero na Ulanga, uliojulikana kwa kifupi kama KINET. Vyandarua na dawa ya kuvitia viliuzwa kwa jina la Zuia Mbu, kupitia maduka ya kawaida na mawakala wa vijijini, huku kaya zikifuatiliwa ili kujua nani amezaliwa na nani amefariki. Wataalamu wa nje na wa ndani walifanya kazi bega kwa bega. Matokeo yalitangazwa mwaka 2001: vyandarua vyenye dawa viliambatana na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne. Mradi huo ulijaribu pia hati za punguzo la bei kwa wajawazito, zilizotolewa kliniki, na mwaka 2004 mpango wa taifa wa Hati Punguzo ukaanza. Mama wa Kigoma au Lindi aliyepokea hati ile hakujua kwamba wazo la hati hiyo lilipimwa kwanza kwa wenzake wa bonde la Kilombero, ambao walikubali kuhesabiwa na kuulizwa maswali mwaka baada ya mwaka. Kila nyumba iliyofungua mlango kwa mhojaji ilichangia sera ile. Ndiyo maana siwezi kulichukulia suala la kubisha hodi kama jambo la adabu tu.

Sasa tuje kwenye safari yenyewe. Mtafiti wa kigeni anahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Kama utafiti unagusa afya ya binadamu, anahitaji ithibati ya maadili kutoka NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Uhamiaji watampa kibali cha ukaazi cha daraja C. Kisha barua zinaanza kushuka: kutoka mkoani Morogoro kwenda wilayani, kutoka wilayani kwenda kata, kutoka kata kwenda kijiji. Wageni wengi hulalamikia mlolongo huu, na taasisi zao hulalamika pamoja nao kwa sauti ya chini. Ucheleweshaji upo na unaumiza. Lakini mimi nautetea mlolongo wa barua. Nakala inayobaki kwenye faili la kijiji ndiyo ushahidi pekee wa maandishi alio nao mwenyekiti kwamba mtu fulani alifika, kwa ruhusa ya nani, kufanya nini. Siku jirani akiuliza kwa nini aliruhusu watoto watobolewe vidole, barua ile itamsaidia kujibu.

Na kijijini kuna daftari la wageni. Mgeni anakaribishwa kiti cha plastiki, anasalimiwa, anaulizwa habari za njiani, kisha daftari linasogezwa mbele yake: tarehe, jina, cheo, atokako, madhumuni ya safari, sahihi. Asikimbilie kuandika. Asome kwanza waliomtangulia. Atakuta bwana shamba, wa chanjo, wa mradi wa maji, mkaguzi, mtafiti, mtafiti mwingine, mtu wa hifadhi. Kwenye safu ya madhumuni ataona “utafiti” imeandikwa kwa miandiko mbalimbali. Yeye ni mstari unaofuata katika orodha ndefu, na mtendaji anaikumbuka orodha hiyo.

“Karibu sana, dada,” mtendaji atasema. “Utafiti wa nini? Na majibu tutayaona lini?”

Swali la pili ndilo zito. Mgeni asiyeandaliwa hugeuka kumtazama aliyemsindikiza. Aliyeandaliwa anajibu mwenyewe, kwa Kiswahili chochote alicho nacho, na anajibu kwa tarehe.

Kuna sababu za watu wa bondeni kuuliza hivyo. Kilombero ni ardhioevu yenye hadhi ya kimataifa. Iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2002, kwa eneo la kilomita za mraba zipatazo 7,967. Mwaka 2010 ulizinduliwa mpango wa SAGCOT wa kuvutia uwekezaji wa kilimo katika ukanda wa kusini, na bonde hili likatajwa sana kwa mpunga na miwa. Mwaka 2012 ilianza operesheni ya kuondoa mifugo bondeni. Tangu hapo mijadala ya mipaka kati ya vijiji na hifadhi haijawahi kuwa mbali na vinywa vya watu. Katika mazingira hayo, mgeni anayetembea na kifaa cha kuchukua vipimo vya mahali, akisimama kwenye kona ya shamba la mtu na kubonyeza, anaweza kuwa anatafuta tu mazalia ya mbu. Mwenye shamba anaona mtu anayepima ardhi. Na akiongeza kuchukua damu bila kueleza ni matone mangapi, yanakwenda wapi na yakishapimwa yanafanywa nini, anaamsha hofu za zamani kuliko yeye. Haya si mambo ya kumwachia mgeni ayagundue. Ni kazi ya taasisi kumweleza kabla hajaondoka ofisini, na kumweleza kwa majina na miaka, si kwa maneno ya jumla kwamba “jamii ni nyeti.”

Halafu kuna kalenda. Hapa ndipo nimeona mipango mizuri ikiharibika. Mwaka wa fedha wa mfadhili una miezi yake, na mpunga una yake. Mvua zikishika, familia nyingi za bondeni huhamia mashambani, mbali na kijiji, na kukaa huko kwa wiki au miezi kwenye vibanda, wakipalilia na baadaye wakiamia ndege na nguruwe. Kati ya Machi na Mei uwanda unajaa maji na njia nyingine hazipitiki. Mtafiti aliyepangiwa kuhoji kaya 200 mwezi wa Aprili atakuta milango imefungwa kwa kufuli, mzee mmoja na wajukuu wanaosoma. Akirudi na takwimu za waliobaki nyumbani, ataandika habari za kijiji ambacho nusu yake haikuwepo.

Manuel Hetzel na wenzake wa Ifakara waliwafuata watu huko huko mashambani, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2008. Mtu wa ofisini angetabiri kwamba familia zinazolala vibandani katikati ya maji hazina vyandarua. Ilikuwa kinyume: karibu wote walikuwa navyo, wamevibeba. Kilichokuwa mbali ni matibabu, kwa sababu zahanati na maduka ya dawa yalibaki kijijini. Angalia tofauti yake kwa sera. Utabiri wa ofisini ungeleta mgao mwingine wa vyandarua kwa watu wenye vyandarua. Kuwafuata shambani kuliwaonyesha watafiti kwamba tatizo ni dawa. Huwezi kufika kwenye kibanda cha mtu shambani bila kupelekwa na anayeijua njia, na hakupeleki mtu asiyekuamini.

Kwa hiyo ningeanza mapokezi na watu ambao ratiba za ukaribisho huwasahau. Dereva anajua barabara ipi inazama na saa ngapi mtu hatakiwi kuwa njiani. Mhojaji aliyezaliwa kata ya jirani anajua nyumba ipi ina msiba. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii amepita kila kitongoji akipima watoto uzito na ameyasikia malalamiko ambayo hayajaandikwa popote. Hawa wapewe asubuhi nzima ya wiki ya kwanza, wakae mbele kwenye viti vya wakufunzi, walipwe kama wakufunzi, na mgeni akae chini kuandika. Mkurugenzi naye awepo. Akiwaona wanaheshimiwa na mkubwa wa nyumba, mgeni hatahitaji kuambiwa awaheshimu.

Wiki zake za kwanza Mofu asibebe dodoso. Aende na mwenyeji mmoja aliyepewa jukumu la kumlea, mtu ambaye ana mamlaka ya kumwambia “leo hapana,” na mgeni akasikia. Ashinde mnadani. Awaamkie wakubwa shikamoo bila kusubiri kukumbushwa. Aone perege na kambale wanavyopokelewa kutoka mtoni na bei inavyobadilika kabla ya jua kupanda. Akae kwenye foleni ya zahanati kama anayesubiri zamu. Wafadhili huona huu ni muda uliopotea, na taasisi nyingi huogopa kuwaambia vinginevyo. Waambiwe. Maswali atakayoyaandika baada ya hapo yatakuwa machache na yenye maana kwa anayeulizwa.

Wala mgeni wa kimataifa si lazima atoke Ulaya. Fredros Okumu ni Mkenya. Alikuja Ifakara akiwa mtafiti kijana wa mbu, akabaki, na hatimaye akawa mkurugenzi wa sayansi wa taasisi. Mwaka 2011 mitego yake ya kuwanasa mbu nje ya nyumba kwa harufu ya binadamu, pamoja na harufu ya soksi zilizovaliwa, ilipata ufadhili mkubwa na kuandikwa na vyombo vya habari vya dunia. Leo tunafahamu kwamba katika vijiji vya bonde hili aina moja ya mbu, Anopheles funestus, ndiyo inayoeneza zaidi ya maambukizi manne katika kila matano ya malaria, na vijana wa Kitanzania waliolelewa kisayansi pale pale Ifakara ndio waliofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Nyumba iliyomruhusu mgeni kutoka Kenya aongoze sayansi yake, badala ya kumwacha mgeni milele, ilipata faida isiyopatikana kwa mikataba ya miezi sita.

Ningependa tuige upande huo zaidi. Taasisi za sera za Dar es Salaam hujaza nafasi za watafiti waalikwa kutoka kaskazini kwa sababu fedha zinatoka kaskazini. Mtafiti wa Kampala, Bukavu au Mombasa anakuja na matatizo yanayofanana na yetu na majibu yaliyojaribiwa kwa bajeti inayofanana na yetu. Naye pia anahitaji kupokelewa. Kujua Kiswahili hakumfanyi aijue Mofu, na mara nyingine humfanya adhani anaijua.

Limebaki swali la mtendaji: majibu tutayaona lini? Jibu linatakiwa liwemo ndani ya mkataba wa mgeni, pamoja na fedha zake, kabla hajasaini. Safari ya kurudi Mofu ipangwe kabla ya ripoti kwenda wizarani, ili wenyeji waweze kusema “hapa mmekosea” wakati bado inawezekana kusahihisha. Ipangwe Julai au Agosti, mpunga ukiwa umevunwa na watu wamerudi majumbani. Iwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mtu mzima ana haki ya kuhudhuria na kusema, si kikao cha viongozi watano ofisini. Mgeni asimame mwenyewe, aeleze alichokuta kwa karatasi moja au mbili, na ajibu maswali mpaka yaishe. Nakala ya Kiswahili, yenye majina ya wenyeji waliokubali kutajwa, ibaki kwenye faili la kijiji pamoja na barua yake ya kwanza, ili mtafiti atakayefuata aoneshwe kabla hajapewa daftari la wageni.